Zege Halilali: Mwanagenzi wa Kitanzania katika Viwanda vya Zege vya Uingereza, 2006–2007

Siku hizi msemo wa "zege halilali" umekuwa wa kila mtu. Utausikia kwa kondakta wa daladala, kwa mwanasiasa jukwaani, na hata kwa kijana anayeharakisha posa. Lakini asili yake ni ya mafundi na saidia fundi wao, nao waliusema wakiwa na maana moja tu: zege likishakorogwa halina budi limwagwe siku hiyo hiyo, hata giza likiingia, hata mvua ikinyesha, kwa sababu likilala limekufa. Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano, nilifikiri kwanza kuandika habari za shule yetu, lakini wapo wakubwa zangu wanaozijua kunishinda. Nimeona afadhali niandike historia ya kitu nilichokishika kwa mikono yangu, nacho ni zege, na jinsi nilivyolisoma ugenini.

Wale waliokuwa nami kidato cha nne watakumbuka kwamba sikuwa hodari wa jambo lolote isipokuwa hesabu. Kutoka hapo nilipelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa ujenzi, katika kitivo kilichofunguliwa mwaka 1973 ili vijana wetu wasilazimike tena kwenda Nairobi au ng'ambo kwa masomo hayo. Nilihitimu mwaka 2005. Mwaka uliofuata zikatokea nafasi mbili za uanagenzi katika kampuni moja ya zege huko kusini-mashariki mwa Uingereza, nami nikabahatika kupata moja. Nilifika Septemba 2006, nikarudi Juni 2007. Utaratibu ulikuwa wa kuzungushwa: wiki kadhaa gatini penye kokoto, kisha mtambo wa kuchanganyia, kisha maabara, kisha uwanja wa vipande vinavyotengenezwa kiwandani, na mwisho ofisi ya kupanga magari.

Kabla sijaeleza hayo, nawaomba wasomaji wanivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa mahali nilipopelekwa ndiko hasa historia ya saruji ilikopita.

Sisi watu wa pwani hatukufundishwa kujenga na Wazungu. Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipojenga Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu katika karne ya 14, mafundi wake walitumia mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na kuba walizozimimina kwa mchanganyiko wa chokaa na vipande vya mawe ni zege kwa maana halisi ya neno hilo. Ila chokaa ya kawaida ina udhaifu mmoja. Hukauka polepole kwa kuvuta hewa, na ikizamishwa majini kabla ya kukomaa haishiki.

Jambo hilo ndilo lililomsumbua John Smeaton mwaka 1756 alipopewa kazi ya kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, katikati ya bahari. Akajaribu chokaa za namna nyingi, akagundua kwamba mawe ya chokaa yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hutoa chokaa inayoshika hata majini. Mnara wake ulikamilika mwaka 1759. Miaka 65 baadaye, tarehe 21 Oktoba 1824, mwashi mmoja wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hataza ya kitu alichokiita saruji ya Portland, kwa sababu ilipokauka ilifanana na mawe maarufu ya kujengea yanayochimbwa huko Portland. Jina tu, hakuna jiwe hata moja la Portland ndani ya mfuko wa saruji.

Saruji ya Aspdin mzee haikuwa hasa hii tunayoitumia. Haikuchomwa kwa moto wa kutosha. Mwanawe, William, ndiye aliyehamia London na baadaye kujenga tanuri huko Northfleet, kando ya mto Thames, mahali penye mwamba wa chaki na udongo wa mtoni kwa pamoja. Tanuri hilo lingalipo, nami nimelisimamia mbele yake. Sasa huyu William alikuwa mtu wa siri. Mshindani wake, Isaac Charles Johnson, aliyekuwa meneja wa kiwanda cha jirani cha Swanscombe, alisimulia uzeeni kwamba kiwanda cha Aspdin kilizungushiwa ukuta mrefu, na hapakuwa na njia ya kuingia ila kupitia ofisini. Tanuri lilipokuwa likipakiwa, William mwenyewe alikuja na sinia zenye unga wa rangi za ajabu ajabu, akanyunyiza kiganja hapa na kiganja pale, ili hata wafanyakazi wake wadhani kuna dawa.

Johnson alinunua saruji hiyo akampa mkemia aichunguze. Mkemia akamwambia imo mifupa. Basi Johnson akakusanya mifupa, akaichoma hadharani mpaka majirani wakalalamika kwa harufu, na saruji haikupatikana. Mwishowe aliipata kwa macho yake mwenyewe: aliona kwamba yale madonge yaliyoungua kupita kiasi, meusi na magumu kama mawe, ambayo watu walikuwa wakiyatupa, yakisagwa hutoa saruji iliyo bora kuliko zote. Madonge hayo leo tunayaita klinka. Huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, kisha husagwa pamoja na jasi kidogo ili saruji isikaze upesi mno. Hakuna dawa. Johnson aliishi miaka 100, akafa mwaka 1911, na nadhani alistahili.

Nilipofika mimi, kiwanda kikubwa cha saruji cha Northfleet chenye historia hiyo kilikuwa bado kinatoa moshi, na kutoka kwenye gati letu uliweza kuona dohani zake. Kilifungwa mwaka 2008.

Gatini kazi yangu ya kwanza ilikuwa mchanga. Nilishangaa kuona kwamba kokoto na mchanga mwingi wa London hautoki machimboni bali baharini. Meli huuvuta kwa bomba kutoka sakafu ya bahari na kuushusha gatini. Mtu wa Dar es Salaam akisikia mchanga wa bahari anakimbia, naye ana haki, kwa kuwa chumvi hula nondo. Wao huuosha kwa maji baridi na kuupima chumvi, na mzigo ukizidi kipimo haupandi mtamboni. Nilipima chumvi kwa wiki sita, asubuhi na jioni, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kutoka hapo nikaenda mtamboni. Zege la kuchanganywa kiwandani na kupelekwa kwa gari si jambo la kale sana. Mjerumani Jürgen Hinrich Magens alipata hataza yake huko Hamburg mwaka 1903, na Waingereza walianza miaka ya 1930. Kabla ya hapo walikoroga kwa koleo kama sisi. Mtambo wenyewe hauna uchawi: mizani ya kokoto, mizani ya saruji, mita ya maji, na bwana mmoja kwenye kibanda cha vioo. Gari lililojaa hubeba meta za ujazo sita, na tangu maji yakutane na saruji dereva ana saa mbili tu za kufika na kumaliza kushusha. Yaani hata Waingereza, kwa namna yao, wanajua kwamba zege halilali.

Mapema mwaka 2007 nilipewa nafasi ya kupanda magari pamoja na madereva. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuoni nilikuwa nimelisoma kama kanuni tu. Mwaka 1918 Duff Abrams, huko Chicago, baada ya majaribio mengi mno, alieleza kwamba nguvu ya zege hutegemea kwanza uwiano wa maji na saruji. Saruji yenyewe huhitaji maji kiasi cha robo ya uzito wake tu. Yanayozidi hapo ni ya kulainisha, na yakishakauka huacha matundu. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitiwa lita 25 unakupa zege zuri. Ongeza lita kumi, zege litateleza kama uji, mafundi watafurahi, na nguvu itapungua vibaya. Kila mtu kwenye saiti anataka uji, kwa sababu uji hausumbui mgongo. Hilo ni kweli Kariakoo na ni kweli London.

Siku moja tulifika kwenye jengo fulani, msimamizi akaja na mpira wa maji mkononi, akamtaka dereva aongeze. Dereva wetu, mtu mnene mwenye kupenda kuimba njiani, hakubishana hata kidogo. Alitoa hati ya mzigo na kalamu, akamwonyesha mstari, akamwambia andika hapa umeongeza lita ngapi na kwa amri ya nani, kisha weka sahihi. Yule msimamizi aliitazama ile karatasi kwa muda, akaukunja mpira wake akaenda zake. Zege likashushwa kama lilivyokuja.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko mihadhara yote niliyopata. Karatasi ile ina historia yake. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka kiasi cha kulifukuza Bunge, ndipo Joseph Bazalgette akaamriwa kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu ya London. Msaidizi wake, John Grant, alitaka kutumia saruji ya Portland ambayo wakati huo wengi hawakuiamini, na kwa sababu hawakuiamini alianza kuipima: shehena baada ya shehena, tangu mwaka 1859, kila moja ikivutwa kwa mashine mpaka ikatike, na matokeo yakiandikwa daftarini. Mwenye kiwanda ambaye saruji yake ilikatika mapema alirudishiwa mzigo. Kwa maoni yangu Grant amefanya kazi kubwa kuliko Aspdin wote wawili, ingawa hakuna anayemkumbuka. Kutokana na desturi hiyo ndipo ulipokuja mwaka 1904 mwongozo rasmi wa taifa wa saruji, na baadaye koni ya slampu, kyubu, na hati ya dereva.

Maabara nilikaa miezi mitatu, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya nilivyo. Mkuu wake alikuwa mzee mmoja ambaye hakusoma chuo chochote. Aliingia kama mfagiaji akiwa na miaka 16. Alinifundisha kujaza kyubu za milimita 150 kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa kwa hesabu, na kuzilaza kwenye maji ya nyuzi 20 mpaka siku ya 7 na ya 28. Tofauti na William Aspdin, hakunificha kitu. Ukimwuliza jambo asilolijua alisema "twende tukalivunje", na tulilivunja.

Mara mbili katika muda wangu kyubu za siku ya 28 zilishindwa. Mara ya pili ilikuwa mzigo mkubwa wa mteja mkubwa, na simu zilianza kuja kabla hatujaosha mikono. Yule mzee alikwisha kuandika tarakimu kwa wino. Aliyepiga simu akitaka kujua kama mashine ilikuwa sawa aliambiwa mashine ilikaguliwa lini na cheti kiko rafu gani. Akitaka kyubu zivunjwe upya, aliambiwa kitu kilichokwisha vunjika hakivunjwi upya. Kampuni ililipa.

Lakini nisije nikawapamba Waingereza kupita kiasi, maana uwanja wa vipande nilikoenda baadaye ulinionyesha upande wa pili. Huko zege humiminwa kiwandani kuwa ukuta mzima au ngazi nzima, kisha hupelekwa kuunganishwa. Kila mwanagenzi hapo alionyeshwa picha moja ukutani: jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, lenye ghorofa 22. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, miezi miwili tu tangu wapangaji waanze kuingia, gesi ililipuka katika nyumba ya ghorofa ya 18. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa, lakini ukuta ulitoka, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka kama karata. Walikufa watu wanne. Vipande vilikuwa vizima. Viungo ndivyo vilivyokuwa dhaifu. Walipolibomoa jengo hilo mwaka 1986 walikuta sehemu nyingine za viungo hazikujazwa sawasawa.

Kisha mwaka 1973 dari ya ukumbi wa shule ya wasichana huko Camden ilianguka, na Februari 1974 dari ya bwawa la kuogelea la shule nyingine huko Stepney, zote zikiwa na boriti za saruji ya alumina ambayo ilisifiwa kwa kukaza upesi. Na hata majuzi, mwishoni mwa Agosti 2023, zaidi ya shule 100 za Uingereza ziliambiwa zifunge majengo au sehemu za majengo siku chache kabla ya muhula kuanza, kwa ajili ya dari za zege jepesi lenye mapovu lililopendwa sana miaka ya 1950 hadi 1970. Angalieni ni mara ngapi yamekuwa majengo ya shule.

Ofisi ya magari naipita. Nilijifunza kupokea matusi kwa simu.

Juni 2007 nilirudi nyumbani na kuingia serikalini, katika idara inayohusika na majengo ya umma, na niko huko hadi leo. Nilikuta kwamba mengi niliyojifunza yalinipasa kuyapindua. Kule tulipasha maji moto ili zege lisigande, na chini ya nyuzi 5 tulisimamisha kazi. Huku adui ni jua, na slabu iliyomwagwa saa sita mchana bila kufunikwa magunia na kumwagiwa maji inapasuka kabla mafundi hawajala chakula. Kule saruji hupimwa kwa mizani. Huku hupimwa kwa mfuko na mchanga kwa karai, na karai la kwanza hujaa kuliko la mwisho kwa sababu mikono imechoka. Sidharau koleo. Nimeona zege la koleo lililopita kyubu vizuri, pale fundi alipopima kwa boksi la mbao na kumnyima saidia fundi ndoo ya ziada. Saruji yenyewe tunayo: kiwanda cha Wazo kilianza mwaka 1966, cha Tanga mwaka 1980, na vingine vikafuata.

Kinachopungua ni ile karatasi ya dereva. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 liliporomoka jingine Kariakoo, watu wakiwa madukani. Sisemi chochote juu ya chanzo cha moja au cha lingine. Nasema tu kwamba kila mara likitokea jambo kama hilo mimi huenda kabatini kutazama majalada yangu mwenyewe.

Katika majalada hayo limo moja ambalo wachache kati yenu mnalijua. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa matokeo ya kyubu za jengo la umma, lisilo Dar es Salaam, lenye ghorofa tatu. Kyubu 18, zilizotengenezwa kwa siku sita mbalimbali, na zote zilikuwa zimetoa nguvu kati ya 27 na 28. Aliyekwisha kuvunja kyubu kwa miezi mitatu anajua kwamba zege halina adabu ya namna hiyo. Hata la kiwandani, lenye mizani na mita, hupanda na kushuka. Niliandika kwamba sitapitisha mpaka slabu itobolewe na vipande vyake vipimwe.

Jioni ile nilipigiwa simu na mkandarasi. Alikuwa mmoja wetu. Tulilala bweni moja, alinizidi kidato kimoja, na nilipougua malaria kidato cha pili ndiye aliyekuwa akiniletea uji. Alinikumbusha huo uji. Hakunitisha wala hakunitajia fedha. Alisema tu kwamba kutoboa kungemchelewesha malipo naye ana mkopo benki, na akaniuliza kama shule ilitufundisha kuangushana. Nilimwambia, kaka, nakuheshimu, lakini nitoboe. Vipande vilivyotoka viliniogopesha: kilichopaswa kuwa 25 kilikuwa chini ya 15. Ghorofa ya juu ilibomolewa. Yeye alihamia shughuli nyingine, na tangu hapo tukikutana msibani tunapeana mkono bila maneno. Jina lake nimeliona katika orodha ya waliothibitisha kuhudhuria mkutano wa mwaka huu, na nimefurahi kuliona.

Nimeyaandika haya kwa sababu jumuiya yetu sasa inajenga. Kamati imenionyesha makadirio ya bweni jipya la vitanda 96, ghorofa moja juu ya chini, kwa michango yetu wenyewe. Makadirio ni mazuri na bei ni za haki. Kifungu kimoja tu kimekatwa kwa kalamu nyekundu ili kupunguza gharama, nacho ni cha kupima zege, na pembeni mtu ameandika kwamba fundi ni mwenzetu, tunamwamini. Mimi pia namwamini. Nimezungumza na katibu, tumekubaliana kifungu hicho kirudishwe lakini kisidai fedha nyingi: koni ya slampu na kyubu kumi na mbili nitakuja nazo mwenyewe, na maabara ya mkoa itavunja kwa ada ya kawaida. Ninachoomba ni pipa safi la maji lililo kivulini, nyuma ya jiko la zamani panafaa, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wenye mwandiko unaosomeka, wa kushika daftari. Slabu imepangwa kumwagwa Jumamosi ya tatu baada ya mkutano, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua.